Anayekaa Juu, Anayekaa Chini

Tulimwacha Bilkisi amepiga magoti chumbani mwake asubuhi, ufagio mkononi, na moshi wa tumbaku unatoka sakafuni.

Bilkisi havuti. Mume wake Karim havuti, na tena hayupo: alikwenda Kasumbalesa na lori, na simu yake imezimwa tangu aseme amevuka Fungurume. Mpangaji hakuna. Mgeni hakuna. Nyumba ni vyumba viwili, na ndani yake mna mtu mmoja tu anayepumua.

Au ndivyo alivyodhani.

Moshi ulitoka kwenye ufa wa simenti, kando ya mguu wa kitanda, mwembamba kama uzi, na ulinuka asali iliyoungua. Harufu hiyo alikuwa anaijua. Aliijua kama unavyoijua sura ya mtu uliyekaa naye zamani, jina likakataa kuja. Akainama, akabandika sikio sakafuni.

Chini mtu alikohoa.

"Nani?"

Bilkisi akasimama, akapiga sakafu kwa kisigino, na mjue kwamba Bilkisi si mwanamke mwembamba.

"Mama, usikanyage," sauti ilisema kutoka chini. "Udongo inatuangukia mu macho."

Mwingine angekimbia mpaka Likasi bila kuvaa viatu. Bilkisi anauza vipuri vya malori sokoni, na mtu aliyezoea kubishana na madereva juu ya bei ya fani-belti haogopi sauti moja. Alikaa chini, akakunja miguu.

"Weye njo nani?"

"Samy."

"Samy nani?"

"Samy tu, mama. Muchimbaji. Tuko na benzangu. Tulikuwa tunafuata mabwe ya madini, njo ikatuleta hapa."

"Chini ya kitanda yangu."

"Uko na kitanda?"

"Niko na kitanda, niko na kabati, niko na bwana. Ulizania hapa ni nini, depo ya majeneza?"

"Patron, ule anatulipa, alituambia nyumba haina mukaaji. Alisema iko tupu tangu muzee alikufwa."

"Patron nani?"

Bilkisi aliuliza tu; alikwisha kujua, maana neno hilo moja, mukaaji, ndilo lililokuwa limemtoa jasho miezi hii yote.

Nyumba ilikuwa ya Tata Kabemba. Alipochoka na Kolwezi, mzee huyo aliamua kwenda kumalizia uzee kwa dada yake huko Tenke, akawaita Karim na Bilkisi akawaambia neno moja: "Mukae." Hakusema mupange. Hakusema mulinde. Hakusema nimewapa. Mukae, basi, akapanda treni. Kisha sanduku likarudi kutoka Tenke limepigwa misumari, na mtaa mzima ukamlilia.

Machozi hayajakauka, akatokea François, mtoto wa dada yake, kutoka Lubumbashi, na viatu ambavyo ncha zake hufika kabla yake. François alisema Bilkisi ni mulinzi, na mulinzi anaambiwa asubuhi, anatoka asubuhi hiyo hiyo. Bilkisi alisema yeye ni mukaaji. Wakafikishana kwa Shefu Hénock, mkuu wa kartie, yaani mtaa, mtu mwenye kofia moja na maneno machache.

"Mpaka tribinali iseme," Shefu alikata, "nyumba iko ya mwenye kukaa ndani. Na kukaa si kutundika nguo mu ukuta. Kukaa ni moto na kuitika. Kila juma nitapita. Nitapiga hodi tatu. Nikikuta moto inawaka na mwenye nyumba ameniitika, basi mukaaji eko. Nikikuta jiko baridi na hodi zangu zote tatu zimekufwa mu mulango, nyumba haina mutu. François ataingia na kufuli yake."

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya Shefu kupita.

Kwa moto, Bilkisi hakuwa na wasiwasi. Karim mwenyewe, asubuhi ya safari, alimshika mikono yote miwili akamwambia: "Bilki, usiache jiko ipoe. Hata siku moja. Hata ukiwa mugonjwa." Wake wengine huachiwa kitenge. Yeye aliachiwa maneno hayo, na alikuwa analala nayo upande ule wa kitanda ulio wazi.

"Samy," alisema kwenye ufa. "Hamukusikia joto ya moto yangu?"

"Moto iko wapi, mama?"

Hapo Bilkisi akajiuma mdomo. Tangu mvua zianze alikuwa anawasha mbabula yake, jiko la makala, nje, kwenye kibanda cha jirani yake Jémima, wapike pamoja makala yasiishe haraka. Ndani ya nyumba palikuwa baridi kama kaburi.

"Juu ya nini unauliza?"

"Sababu chini ya moto hatuchimbe. Kila muchimbaji anajua. Bale balijaribu kule nyuma ya reli, udongo ulibafunga mudomo, mpaka leo haubafungue."

"Basi ngoja hapo."

Alitoka nje. Jémima alikuwa kibandani anakaanga mikate ya kuuza, sauti yake tamu kama kawaida, hata akikutukana ungesema asante.

"Dada, unapeleka mbabula mu nyumba? Moshi itakuua."

"Nitafungua madirisha. Na sufuria yako ya bluu iko wapi, ile yenye mudomo ya kuvunjika? Nilitaka kuinjika maji."

"Niliazimisha mutu," Jémima alisema, akageuza mkate.

Bilkisi akabeba mbabula, makala mekundu, akaiweka palepale juu ya ufa. Akafungua madirisha yote mawili. Akangoja.

"Unasikia joto?"

Huko chini pakavurugika. Makoleo yaligongana, mtu alimtaja Mungu, mwingine akamtaja mama yake.

"Tunatoka, mama," Samy alisema. "Tunatoka. Utuachilie tu."

"Mutoke. Na ule anavuta tumbaku aache, mutateketea bote."

Makoleo yakanyamaza. Samy aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, shiye chini hatuvute. Hewa ni kidogo. Hakuna muchimbaji anavuta mu shimo."

"Na hii moshi?"

"Njo ile inatukimbiza, zaidi ya moto yako. Upande wa kitanda yako kuna ukuta ya mbao. Nyuma yake kuna mutu. Tulimusikia anakohoa, tulizania ni mutu ya patron." Koleo likakwaruza, linaokotwa. "Mama, patron mwenyewe hamujue ule mutu."

Bilkisi alitaka kuuliza zaidi, lakini miguu ya huko chini ilikwisha kukimbia.

Na hapo hapo motoka ilisimama nje.

François hapigi hodi. Alikuja hadi mlangoni, ncha za viatu mbele, yeye nyuma, injini ya motoka inanguruma barabarani.

"Madamu Bilkisi. Niko na habari mubaya. Bwana yako alianguka na lori, Fungurume. Eko mu lopitalo, kwa badaktari, anakuita weye tu. Motoka ni hii. Panda."

Bilkisi alimwamini. Huo ndio ukweli, hata kama ungependa niseme alisimama imara kama nguzo ya umeme. Alinyoosha mkono achukue mtandio, akakosa msumari, akajaribu tena.

"Nani alikuambia?"

"Mutu alinipatia hii."

François akatoa mfukoni tasbihi. Ilikuwa ya Karim. Hakuna nyingine kama hiyo Lualaba nzima, maana shanga moja ilipotea zamani, na Bilkisi mwenyewe ndiye aliyeziba pengo kwa nati ndogo kutoka kwenye meza yake ya vipuri. Aliipokea, akaikumbatia kifuani, machozi yakamjia.

Kisha akaihisi vidoleni. Ilikuwa na unyevu. Barabara ya Fungurume ina udongo mwekundu unaoingia mpaka ndani ya yai. Hapa kati ya shanga palikuwa na tope jeusi la shimoni. Akaileta puani.

Asali iliyoungua.

Machozi yakakauka yenyewe. Alimtazama François kuanzia viatu kwenda juu. Mfuko mmoja wa koti lake ulikuwa umening'inia, umevutwa na kitu kizito, na ufunguo mdogo unachungulia.

"Nitaenda," Bilkisi alisema. "Shefu akishapita."

"Bwana yako anakufwa, weye unangoja shefu?"

"Karim mwenyewe alisema nisiache jiko ipoe."

"Mama, uchague. Jiko, ao bwana."

"Weye njo umebeba bote babili, baba. Mu mufuko hii tasbihi, mu mufuko ile kufuli. Lopitalo gani inaita mugonjwa na kufuli?"

Jémima, aliyekuwa amesogea mpaka kwenye ukuta wa ua kusikia vizuri, alicheka. François hakucheka. Alipiga hatua moja mbele, akaweka kiatu juu ya kizingiti.

"Miye nasema mara ya mwisho. Panda."

Kama si kelele zilizotoka nyuma ya ukuta, sijui mkono wake uliokuwa unatoka mfukoni ungefanya nini. Lakini nyuma ya ukuta kulikuwa na parsele, yaani kiwanja, aliyoipanga François mwenyewe, imezungushiwa mabati mapya, na sasa mabati hayo yalikuwa yanapigwa teke kutoka ndani. Bati moja likaanguka. Wakatoka wanaume weusi kwa tope, taa bado zinawaka vichwani mchana kweupe, wakijikwaa mmoja juu ya mwingine.

Na nani alikuwa anapita barabarani na kofia yake moja? Shefu Hénock.

"Hii ni nini?" Shefu aliuliza.

"Ni bezi, Shefu," François alisema haraka. "Miye sibajue."

Kijana wa mbele akapangusa macho. "Patron, hutujue? Miye njo Samy. Na ile shanga nilikuokotea chini leo asubuhi, karibu na ukuta ya mbao, ile yenye nati, uliipeleka wapi?"

Mtaa mzima ukamgeukia Bilkisi. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake.

"Shefu, kule chini kuna mutu alibaki," Samy aliendelea. "Mwenye hii shanga, ao mwenzake. Shiye haturudi."

Shefu Hénock alimshika François mkono juu ya kiwiko, kwa upole, kama unavyomshika mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Ukuye unionyeshe ile shimo yako," alisema. Kisha kwa Bilkisi: "Nakuya kwako sasa hii. Hodi zangu ziko palepale. Usizime."

Wakaenda nyuma ya mabati, na watu wote nyuma yao.

Bilkisi alirudi chumbani amekaza tasbihi ngumini. Basi Karim hakuwa Fungurume. Karim alikuwa chini ya miguu yake, nyuma ya ukuta wa mbao, na wachimbaji waliokuwa karibu naye walikuwa wamekwisha kukimbia. Kukimbizwa na nini? Na moto wake. Angengoja Shefu amalize kuuliza maswali? Kama ni mume wako, ungengoja?

"Jémima," aliita. "Ingia. Chunga moto yangu. Shefu akipiga hodi, uniite, nitaitika kutoka popote."

"Nenda, dada," Jémima alisema, akaketi kando ya mbabula na bakuli lake la maji ya kunawia unga. "Moto iko mu mukono yangu."

Bilkisi akasukuma kitanda kwa bega. Chini yake simenti ilikuwa ya rangi nyingine, nyeupe zaidi. Alikumbuka: Karim alipiga simenti mwenyewe juma lile la safari, akasema mchwa wanaingia. Bilkisi akashika mtaimbo wa lori uliokuwa nyuma ya mlango, akaupiga mara moja.

Sakafu ililia kama ngoma.

Simenti ilikuwa imepakwa nyembamba juu ya bati nene, na bati lilikuwa na bawaba, kifuniko cha kufungua na kufunga. Akaingiza ncha ya mtaimbo, akalala juu yake kwa uzito wote aliopewa na Mungu. Bati likafunguka. Ngazi zilishuka, zimechongwa kwenye udongo, zimesawazishwa vizuri.

Na zilikuwa zimefagiliwa.

Hilo ndilo lililomsimamisha. Gereza halifagiliwi ngazi. Lakini alishuka, mtaimbo mkononi, jina la Karim mdomoni bila sauti.

Chini hapakuwa na kamba. Hapakuwa na damu. Palikuwa na mkeka, taa, kitanda cha mbao, pazia la kitenge kwenye kona. Mbabula iliwaka makala mazuri, na juu yake maharagi yalichemka taratibu. Kando yake, kwenye kigoda, mwanamume alikaa amempa mgongo, na moshi wa asali ulizunguka kichwa chake kama kilemba.

Ndipo jina likaja. Tumbaku ya Nzilo, inayolowekwa asali, kali hata nzi wakiisikia hugeuza safari. Katika kartie nzima aliivuta mtu mmoja tu, na mtu huyo alizikwa.

"Unakanyaga mukeka yangu na viatu, Bilkisi," alisema bila kugeuka.

"Tata Kabemba."

"Karibu."

"Tata, ulikufwa."

"Nilikufwa kidogo."

"Tulizika sanduku. Miye nililia mpaka sauti ikapotea."

"Nilisikia. Ulilia muzuri." Mzee aligeuka sasa. Alikuwa yuleyule, ila amekuwa mweupe kama mhogo uliomenywa. "Mulizika mabwe, mama. Na si ile mazuri. Ile mazuri sikubapatia."

"Juu ya nini?"

"Mufu hana bandugu ba kumusumbua. François alitaka niuze parsele, asubuhi na mangaribi, niuze, niuze. Nikakufwa. Sasa ananiheshimu, hata maua alileta."

Bilkisi aliinua mtaimbo. "Karim eko wapi? Ulimufunga wapi?"

"Kumufunga?" Mzee alicheka moshi puani. Akanyoosha kiko chake kuelekea chini ya kitanda.

Viatu vya Karim vilikuwa pale. Safi, vimepangwa kimoja kando ya kingine, visigino ukutani, kama mtu anavyoweka viatu vyake nyumbani kwake.

Pazia likafunguka. Karim akatoka peku, taulo begani, msuaki mdomoni. Hakuwa na kidonda. Alikuwa amenenepa.

"Bilki," alisema.

Bilkisi akashusha mtaimbo.

"Na Kasumbalesa?" Bilkisi aliuliza.

"Sikufika."

"Na lori?"

"Iko Tenke. Inapumuzika."

"Uko hapa tangu ile siku. Ile siku ulinishika mikono."

Karim akatoa msuaki mdomoni, akautazama kana kwamba jibu limeandikwa pale. Mzee ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayesifu mpishi.

"Tulikuwa na lazima ya moto huko juu, mama. Chini ya moto hakuna mutu anachimba. Na kwenye kuko mukaaji hakuna mutu anauliza. Bwana yako alikuambia usiache jiko ipoe, na weye hukuacha. Ulitufunika muzuri sana. Mu maisha yangu sijaona kifuniko kama weye."

Maneno yale. Yale aliyokuwa analala nayo upande ule wa kitanda. Bilkisi aliyasikia yakigeuka moja moja na kumwonyesha mgongo.

"Nilizania unanipenda," alisema, si kwa ukali.

"Nakupenda," Karim alisema. "Ilikuwa ya muda tu. Tukishamaliza mabwe, tutajenga Lubumbashi, nyumba ya roshani."

"Na nani atakaa juu? Miye ao yeye?"

Karim akamtazama mzee. Mzee akatikisa majivu ya kiko chake.

"Shida ni moja," Tata Kabemba alisema. "Kifuniko haina masikio. Ikianza kusikia, ikianza kuuliza, ikianza kushuka ngazi na mutaimbo, si kifuniko tena. Tunabadilisha: François alishikwa, mukaaji mupya ataingia mbele yake." Alichukua fimbo iliyoegemea ukutani, akagonga dari. Tok, tok.

Huko juu kitu kililia: tssss.

Tone la maji ya moto lilipita kwenye ufa wa simenti, likaangukia shingo ya Bilkisi. Lilikuwa na majivu.

Aliinua kichwa. Kisha, polepole, akatazama tena mbabula ya mzee, na maharagi, na sufuria iliyoyabeba. Ilikuwa ya bluu. Mdomo wake ulikuwa umevunjika.

*Niliazimisha mutu.*

"Jémima," aliita.

Alipokimbilia ngazi, bati likashuka juu yake, kishindo kimoja. Mguu wa kitanda ukakwaruza sakafu, ukirudishwa mahali pake. Katika dari ya udongo pakabaki mwanga mmoja tu, mwembamba kama uzi: ule ufa. Moshi ulipita hapo. Sauti ya Samy ilipita hapo. Basi na ya mwanamke ingepita.

Akaurudia, mkono mmoja ukipapasa dari.

Viatu vizito vilisimama juu, mlangoni. Shefu Hénock alikuwa amerudi.

"Hodi," Shefu alisema.

Bilkisi alivuta pumzi, lakini sauti nyingine ilitangulia, tamu, kutoka uani.

"Shefu, unapiga hodi bure. Dada alipanda motoka ya kukodi, alienda lopitalo ya Fungurume, kwa bwana yake. Miye mwenyewe nilimusaidia kufunga mutandio. Angalia, hata jiko iko baridi."

"Alienda?" Shefu alikuwa kama hakuamini. "Nilimwambia asizime."

"Bwana ni bwana, Shefu."

Viatu vikasogea hatua moja, vikasimama. Shefu Hénock ni mtu wa sheria yake. Aliyoisema ataimaliza.

"Hodi," alisema mara ya pili.

Bilkisi akajaza kifua chake chote, akafungua mdomo chini ya ufa, na mkono ukauziba kutoka nyuma. Ulikuwa mkono anaoujua. Ndio ule uliomshika asubuhi ya safari, wenye kovu la mnyororo wa lori kwenye kidole gumba. Sasa ulinuka asali.

"Bilki, tafazali," Karim alimnong'oneza sikioni. "Unyamaze hii moja tu. Hii moja, tutakuwa batajiri."

Kwenye kigoda Tata Kabemba alikuwa anafunua sufuria, anaonja chumvi.

Huko juu Shefu alikohoa kusafisha koo. Hodi ya tatu ilikuwa njiani, na katika mkono wa kuume wa Bilkisi, ambao hakuna aliyekumbuka kuushika, mtaimbo ulikuwa bado upo.